Jamvi Moja: Nasaha kwa Walimu na Wazazi juu ya Watoto wa Makabila Mbalimbali Chuoni

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanadamu kwa asili moja, kisha akawatawanya katika nchi na lugha mbalimbali. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyepelekwa kwa weupe na weusi, kwa Waarabu na wasiokuwa Waarabu, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Ndugu zangu Waislamu, na khasa nyinyi mnaosomesha, na nyinyi mnaotia watoto wenu vyuoni: nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo ni nadra kusikiwa juu ya mimbari, nalo latendeka kila siku mbele ya macho yetu. Vyuo vyetu vya leo si kama vyuo vingi vya mababu zetu, vilivyokuwa na watoto wa mtaa mmoja na jamaa wanaojuana. Ingia katika chuo cha Mombasa au Malindi, Tanga au Unguja, mara nyingi utamkuta mtoto wa Kibajuni amekaa ubavuni mwa mtoto wa Kisomali, na mtoto wa Kihadhrami na wa Kigiriama, wa Kingazija na wa Kipokomo, na mtoto ambaye wazee wake wametoka bara wakasilimu hapa. Hii ni neema kubwa. Walakini kukaa juu ya jamvi moja si kusoma pamoja. Twaweza kuikusanya miili ya watoto, na nyoyo zao tukawa tunazitenga kila siku kwa ulimi wetu, kwa kicheko chetu na kwa bakora yetu.

Nami naanza kwa kujishitaki nafsi yangu, kwani si haki mtu kuwaonya wenziwe akajificha yeye.

Zamani, nilipokuwa kijana na ilimu yangu kidogo ikinilevya, nalikuwa nikiita majina ya watoto kila asubuhi. Siku moja aliletwa mtoto mgeni, wa miaka minane hivi. Baba yake alikuwa amesilimu, na babu yake alikuwa hajasilimu. Nalisoma jina la mtoto, nikasoma la baba yake, na yote mawili ni majina yetu. Nilipofika kwa babu nalikuta jina la Kigiriama. Nalilisoma kwa kulivuta, kisha nikalirudia. Watoto wakaangua kicheko. Sikuwanyamazisha, bali nalicheka pamoja nao. Yule mtoto hakulia. Aliinamisha uso wake juu ya juzuu mpaka wakati wa kutoka. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Ulipopita mwezi nikaona haya, nikauliza kwao ni wapi, nikaenda. Nalimkuta babu yake amekaa chini ya mnazi. Alinikaribisha kwa heshima, akaamuru niangushiwe dafu, akaningoja nimalize kunywa. Kisha akaniambia, "Mwalimu, mwanangu alipoingia dini yenu sikumzuia. Mjukuu wangu nalimshika mkono mimi mwenyewe nikamleta kwenu. Jina langu lina najisi gani, hata likachekwe katika nyumba ya Mungu?"

Wallahi sikuwa na jawabu. Nalimtaka radhi, naye akanipa. Lakini mtoto alikuwa amekwisha kupelekwa kwa mjomba wake, nchi ya mbali, wala hakurudi kwetu. Mpaka leo sijui kama aswali au haswali. Mzee amenisamehe, na mtoto sijui.

Jawabu ya yule mzee ilikuwamo katika vitabu nilivyokuwa nimevisoma kabla ya siku ile, ila nalivisoma kwa macho tu. Basi nimeikusanya hapa katika mambo manne, kwa kuwa yote manne ni mambo ya kila siku ya chuo. Hayahitaji fedha wala ruhusa ya mtu.

La kwanza ni majina. Mola wetu katika Sura ya Al-Ahzabu ameamrisha watu waitwe kwa baba zao, wala hakuweka sharti ya kuwa baba awe Mwislamu. Twamtaja kila siku Sayyidna Umar bin Khattab, na Khattab hakuwahi kusilimu. Twamtaja Ikrima bin Abi Jahli na kumwombea radhi, na baba yake ndiye aliyekuwa adui mkubwa wa Mtume (S.A.W.), akauawa vitani Badri. Na siku ya Hunaini, watu walipotawanyika, Mtume mwenyewe alijitaja mbele ya maadui kuwa ni mwana wa Abdul-Muttalib, na Abdul-Muttalib alikufa kabla ya utume. Mbona basi majina ya wazee wa masahaba hatuyacheki, na majina ya wazee wa watoto wetu twayacheka? Hatuna sababu ila moja, nayo ni kuwa yale ni ya Kiarabu na haya ni ya Kigiriama na Kipokomo na Kikamba. Hiyo si dini, ni kiburi cha lugha. Jina linalochukiwa na sharia ni lile lenye maana mbovu, au lenye kumfanya mtu kuwa mja wa asiyekuwa Mungu, na hilo hubadilishwa kwa upole. Na Wagiriama huwapa wajukuu majina ya babu zao, kama tufanyavyo sisi. Kwa hivyo mwenye kulicheka jina la mzee amecheka ukoo mzima.

Tena tazameni mpango wa Sura ya Al-Hujurati. Aya ya 13 ndiyo ile inayotuambia ya kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba aliye bora mbele ya Mwenyezi Mungu ni yule amchaye zaidi. Lakini katika aya ya 11, karibu yake, Mola amekwisha kutukataza watu wasiwadharau watu, wala wasiitane kwa lakabu mbaya. Sisi twaisoma ile ya makabila katika hafla mbele ya wageni, na hii ya dharau twaisahau chuoni mbele ya watoto.

La pili ni ulimi. Katika Sura ya Ar-Rum Mwenyezi Mungu amehesabu kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu kuwa ni miongoni mwa dalili zake, akasema ni dalili kwa wenye kujua. Basi mwenye kuifanyia mzaha lugha ya mtu amefanyia mzaha dalili ya Mola wake. Na imethibiti katika Hadithi ya kuwa Sayyidna Umar alimsikia Hisham bin Hakim akisoma Sura ya Al-Furqani kwa namna nyingine, si ile aliyofundishwa yeye. Alimshika nguo yake akampeleka mpaka kwa Mtume (S.A.W.). Mtume akamwamuru amwachilie, akawasikiliza wote wawili, mmoja baada ya mwenziwe, na kila mmoja akamwambia ya kuwa hivyo ndivyo ilivyoteremshwa. Tena imepokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) ya kuwa asomaye Qurani kwa taabu, ulimi wake ukikwama, ana thawabu mbili.

Sisemi ya kuwa makosa ya matamshi yaachwe. Tajwidi ina haki yake, na mwalimu asiyemsahihisha mtoto amemdhulumu. Nasema ya kuwa kusahihisha ni ibada, na kucheka ni dhambi. Mtoto wa Kisomali akisema "baka" badala ya "paka", darasa zima lamcheka. Lakini mtoto huyo huyo, ikifika zamu ya herufi ya ain na ile ha nzito, huzitoa kooni kama zilivyo, kwa kuwa zimo katika lugha aliyoinyonya kwa mama yake, na watoto wetu wa Kiswahili huzihangaikia miezi. Mwalimu mwenye busara atamsimamisha awatamkie wenziwe, na baadaye atamsimamisha mtoto wa Kiswahili amfundishe yule "paka". Hapo wote wawili wamefundisha na wote wawili wamefundishwa, wala hapana aliyedhalilika. Na mtoto ambaye Kiswahili chake ni kichanga, akalishwe karibu na mwenziwe mkubwa wa lugha yake, amweleze maana kwa maneno ayajuayo. Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akajifunza. Je, mwalimu wa pwani ataona haya kujifunza namna ya kumsalimu mzazi kwa Kigiriama au Kisomali?

La tatu ni mahali pa kukaa na kazi za chuo. Mwalimu na ajiulize: Ni nani akaaye mbele kwangu, na ni nani nyuma karibu na viatu? Ni nani nimtumaye maji, na ni nani afagiaye? Ni nani nimchaguaye kusoma siku ya Maulidi, watu wakihudhuria? Ikiwa jawabu ni moja mwaka hata mwaka, na jawabu hiyo yafuata mbari na rangi na mfuko wa baba, basi darasa lake lafundisha somo jingine ambalo halimo katika kitabu, na watoto hulihifadhi hilo kabla ya Alhamdu.

Wahajiri wa kwanza walipofika Kuba, kabla ya Mtume (S.A.W.) kuhamia Madina, aliyekuwa akiwaswalisha alikuwa Salim, mtumwa aliyeachwa huru, nao nyuma yake ni watu wa Makka wenye nasaba zao, na Umar miongoni mwao. Walimtanguliza kwa sababu moja tu, kwamba alikuwa amehifadhi Qurani zaidi kuliko wao. Na Imamu wetu Shafii, aliyezaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijra, alifika Makka akiwa mtoto yatima, mikononi mwa mama asiyekuwa na kitu cha kumpa mwalimu. Mwalimu aliridhika kumsomesha bila ada, naye awe akimshikia mahali pake anapoondoka. Lau mwalimu yule angalimweka nyuma karibu na viatu, akamchosha kwa kumtuma maji mpaka akaikimbia ilimu, sisi leo tungalifuata madhehebu ya nani? Basi mtoto uliyemweka nyuma, hujui Mwenyezi Mungu amemwandikia nini.

La nne ni vitabu vyenyewe. Twavisomesha kama kwamba vyote vimeshuka kutoka mji mmoja. Mwambie mtoto ya kuwa mwenye Safina ni Salim bin Sumair, Mhadhrami aliyefia Batavia, nchi ya Jawa. Mwambie ya kuwa Ajurrumia, tunayoanzia nahau, ni ya Ibnu Ajurrum, mtu wa Fasi, wa kabila la Mabarbari. Mwambie ya kuwa Sibawaihi, imamu wa nahau ya Kiarabu, alikuwa Mwajemi, na Bukhari ni wa Bukhara, na Ghazali ni wa Tusi, na Nawawi ni wa kijiji cha Nawa katika Sham. Mwambie ya kuwa Ata bin Abi Rabah, aliyekuwa mufti wa Makka, alikuwa mtu mweusi, mtumwa aliyeachwa huru. Kisha umrudishe pwani, umwambie ya kuwa Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyekufa mwaka 1931, aliletwa kutoka Manyema akiwa mtoto mtumwa, akasoma, akawa mkubwa wa tarika ya Kadiria na mwalimu wa watu. Maneno haya ni ya dakika mbili kabla ya kufungua kitabu. Na mtoto atokaye bara akiyasikia, atajua ya kuwa hakuja kuomba mahali katika nyumba ya watu. Nyumba hii imejengwa na watu kama yeye, na ni yake.

Haya ndiyo manne. Na sasa najua ya kuwa wako watakaonipinga, nami nitawajibu.

Atasema mmoja: "Je, ewe Sheikh, hukusoma katika madhehebu yetu ya kuwa nasaba yahesabiwa katika kufu?" Nitamjibu: Nimesoma, nawe pia umesoma, lakini umeuhamisha mlango. Kufu ni katika mlango wa nikahi. Ni haki ya mwanamke na walii wake, nao wakiridhia kuiacha, nikahi yasihi. Hapana faqihi aliyeiweka katika mlango wa kutafuta ilimu. Ilimu ya faradhi yampasa kila Mwislamu, na aliyepewa akaizuia kwa sababu ya ukoo wa mtu amezuia isiyokuwa mali yake. Naye Muhammad bin Sahnun wa Kairawani, aliyekufa mwaka 256 wa Hijra, alipotunga kitabu chake cha adabu za walimu, aliweka mlango wa uadilifu baina ya watoto, maskini na tajiri sawasawa. Hakuwa wa madhehebu yetu, lakini katika hili hapana baina ya madhehebu khitilafu.

Na mwingine atasema: "Tukiheshimu mila za kila kabila, tutaingiza uganga na ulevi chuoni." Nitamjibu: Haramu ni haramu, ikiwa yatoka Giriama au yatoka mtaani kwetu. Sisi watu wa pwani nasi tuna yetu yasiyopatana na sharia, katika harusi zetu na matanga yetu, wala hatufukuzwi msikitini kwa ajili yake. Lakini ada isiyopingana na sharia, kama namna ya kumwamkia mkubwa, au jina, au chakula, au lugha, hiyo mafaqihi wameipa nafasi yake, na haina kosa ila kuwa si yetu.

Tena tukumbuke mgawanyo huu wetu umepata nguvu wapi. Katika siku za utawala wa Kiingereza, skuli za serikali katika Kenya ziligawanywa: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waarabu mbali, na za Waafrika mbali, na kila fungu na sehemu yake ya fedha. Watu wa pwani wakagombania kuandikwa katika fungu hili au lile, ndugu na ndugu wakatengana kwa karatasi. Utawala ule uliondoka mwaka 1963. Katika Tanganyika skuli za rangi ziliunganishwa mwaka 1962, na katika Kenya tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilitaka skuli ziwe mahali pa kuwaunganisha wananchi. Serikali zimefuta mgawanyo katika daftari zao. Je, sisi tuliofundishwa umoja na Mtume wetu zaidi ya miaka elfu na mia nne iliyopita, tutauhifadhi mgawanyo huo vyuoni mwetu?

Wala si kwamba hatukuwa na kiongozi. Habib Saleh bin Alawi Jamalil-Lail alizaliwa Ngazija akahamia Lamu. Alikuwa Sharifu, na lau angalitaka angalikaa na wakubwa wa mji tu. Lakini alikaa upande wa Langoni, akasomesha watumwa na watoto wa watumwa na wageni maskini, katika siku ambazo utumwa ulikuwa bado una hukumu, kwani haukuondolewa katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Baadhi ya wakubwa walichukia, wakaona ya kuwa ilimu ikiwafikia wale itawaondolea wao daraja. Hakuwasikiliza. Alikufa mwaka 1935, na msikiti wake wa Riyadha watu wauendea mpaka leo kutoka pande zote za pwani, wamo wajukuu wa wale waliochukia na wajukuu wa wale waliochukiwa. Tuipendao Maulidi ya Riyadha, tusiipende Maulidi tukaiacha kazi ya mwenyewe.

Basi ninyi walimu, nawausia kwa ninayojiusia nafsi yangu. Mtoto akiingia mlangoni, lisome jina lake lote kwa adabu kama ulisomavyo jina la mwana wa kadhi. Wenziwe wakicheka, funga kitabu, uwaambie khabari ya Abu Dharri, alipomtia mtu aibu kwa mama yake, na Mtume (S.A.W.) akamwambia ya kuwa ndani yake mngali na ujahili. Abu Dharri alikuwa miongoni mwa waliotangulia kusilimu, na neno lile alilichukua maisha yake yote. Na mtoto akikosa kuja siku tatu, usingoje mwezi kama nilivyongoja mimi. Nenda.

Nanyi wazazi, mtoto hapati dharau hii chuoni kwanza, huja nayo kutoka nyumbani. Huisikia sebuleni, baba na marafiki wakinywa kahawa na kuwataja watu kwa makabila yao. Mkitaka mwalimu awe mwadilifu, msimlete mtoto akiwa amekwisha kuharibiwa. Wala msimwendee mwalimu kwa siri kumwomba mwanenu asikalishwe karibu na fulani.

Mwenyezi Mungu alimrudi Mtume wake mpenzi katika Sura ya Abasa kwa kukunja uso mbele ya kipofu aliyekuja kutafuta ilimu, naye kipofu hakuuona uso ule. Itakuwaje basi hali yetu, sisi tuliocheka mbele ya mtoto mwenye macho, akaona na akasikia?

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyowakosea watoto walioletwa kwetu kama amana. Yule aliyeondoka kwa sababu yetu, mrudishe kwako kwa njia nyingine, wala usimpoteze kwa makosa yetu. Zifanye nyoyo zetu kuwa pana kama majamvi yetu. Utughufirie sisi, na wazazi wetu, na masheikh zetu, na Waislamu wote walio hai na waliokufa. Amin.

Wa billahi taufiki.